TP-Link CPE510 kwa kamera za shambani: majengo manne, rekoda moja nyumbani

Wakuu, hii ni kwa wale mnaofuga na majengo yenu yametawanyika, nyumba huku, mabanda kule, stoo ya chakula pembeni, afu mnataka kamera zote zionekane sehemu moja. Mimi natumia antena za TP-Link CPE510 tangu kabla ya masika na sasa ni kiangazi, kwahiyo zimepigwa mvua na jua vyote naziona. Kwa kifupi ni kifaa kizuri sana kwa hii kazi, kinaipita ripita (kifaa cha kurudia wifi) mbali na kinaupita waya mrefu pia, ila sio kitu cha kuchomeka ukaondoka, kuna mambo usipoyajua utaona hela imepotea na utakitukana kifaa bila kosa lake.

Shamba liko pande za Mlandizi, mkoa wa Pwani. Ruta na rekoda (mashine inayohifadhi picha za kamera zote) viko nyumbani. Banda la kuku wa mayai liko mita 160 hivi kutoka nyumba, la vifaranga jirani yake, stoo ubavuni mwa hilo la vifaranga, yote matatu upande mmoja. Zizi la ng'ombe lenyewe liko nyuma ya nyumba, peke yake, na katikati kuna mahindi.

Kabla ya hapo kuna fundi alivuta waya wa mtandao kutoka nyumbani mpaka banda la kuku wa mayai, na umeme wa kamera unapita humo humo. Mchana picha safi. Ikifika saa moja jioni kamera inazima, inawaka, inazima, inawaka, mpaka asubuhi. Nikaambiwa kamera mbovu, ikaletwa nyingine, ikafanya yale yale. Sababu yenyewe ni kwamba waya wa mtandao wa shaba kipimo chake mwisho ni mita 100, na ule ulikuwa wa aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu, ambao unapoteza umeme mwingi njiani. Mchana kamera inakula umeme kidogo inavumilia, giza likiingia zile taa za kuonea usiku zinawaka, inavuta umeme zaidi, volti kule mwisho zinashuka, inakufa. Ikifa hakuna kinachovuta umeme, volti zinarudi, inafufuka. Kwahiyo ukiona kamera inasumbua usiku tu usikimbilie dukani, kata kipande cha waya ukwangue uzi mmoja kwa kisu, ukikuta weupe chini ya ule wekundu umeshapata jibu.

Ripita nazo ndo ushauri wa kwanza utakaopewa na muuzaji. Ripita ya kawaida inapokea na kurusha kwa redio ile ile moja, kwahiyo kila unapoongeza moja spidi inakatika kama nusu, ukipanga tatu mfululizo kamera za mwisho zinabaki kugandaganda. Na wifi kupenya mabati ni shida, mabanda yetu yana mabati juu na mengine mpaka ubavuni. Kwa simu ya kijana wa shamba sawa, kwa kamera inayorekodi saa 24 hapana kabisa.

Sasa CPE510 inavyofanya. Ni antena ya nje ya 5 GHz, uwezo wake wa kuelekeza mawimbi ni dBi 13, inapiga mbele tu kama tochi, upana wa digrii 45 hivi. Moja unaifunga nyumbani, nyingine inafungwa bandani, zinatazamana. Uzuri ni kwamba ile ya nyumbani inaweza kuhudumia zaidi ya moja, kwahiyo mabanda mawili na stoo, kwa kuwa yote yanaangukia ndani ya huo upana, yanatumia antena moja ya nyumbani na kila jengo lina yake ya kupokelea. Zizi liko mgongoni, ikabidi liwe na pea yake. Pima hili kabla hujanunua: simama pale antena ya nyumbani itakapokaa, nyoosha mkono uelekee jengo la kwanza, afu la mwisho, ukiona umegeuka sana jua antena moja haitoshi.

Ndani ya kila jengo weka swichi ndogo ya PoE, yaani inayopeleka umeme na picha kwa waya mmoja wa mtandao, kamera zote za jengo hilo zinachomekwa hapo kwa waya mfupi, swichi inaingia kwenye antena kupitia adapta ya antena basi. Kamera yenyewe haijui kama katikati kuna hewa, rekoda inaiona kama iko chumba cha pili. Hapa ndipo hii njia inaponipendeza, maana ukitaka kuongeza kamera bandani hugusi nyumbani kabisa, unachomeka kwenye swichi ya pale pale.

Spidi wameandika mega 300 kwa sekunde (hapa mega za spidi ni megabiti, sio megabaiti). Hiyo usiipigie hesabu, mlango wa waya wa kifaa chenyewe ni mega 100 kwahiyo juu ya hapo haipiti. Lakini kwa kamera inatosha na kubaki: kamera ya megapikseli 4 kwa H.264 (mfumo wa kubana video) inakula mega 4 hivi, kamera 8 ni mega 32. Ukiweka H.265 inapungua kama nusu na picha huoni tofauti, na diski inapumua. Mega 4 mfululizo ni giga 43 kwa siku kwa kamera moja, kamera 8 zinajaza diski ya tera 2 ndani ya siku sita. Kwa H.265, yaani mega 2, unafika siku 11. Kwa mtu anayehesabu mayai na mifuko ya chakula mwisho wa wiki hizo siku zina maana sana.

Kufunga sasa. Watu wanaamini ukiona banda kwa macho basi mawimbi yanapita. Sio hivo. Njia ya hewani ina unene, kwa mita 160 pale katikati inahitaji kama mita moja na nusu ya uwazi kila upande, juu, chini, kulia, kushoto. Kwa mita 300 inafika kama mita mbili. Kwahiyo antena iliyofungwa usawa wa dirisha, ikipita juu ya mahindi machanga, itafanya kazi vizuri mpaka mahindi yarefuke, na majani yakilowa na mvua ndo yanameza mawimbi kabisa. Ile ya zizini tumeisimamisha kwenye paipu ya chuma juu ya kenchi, mahindi yakaja yakarefuka kumpita mtu na haikutetereka. Mwembe nao ukiukwepa leo kumbuka unaendelea kukua. Paipu iwe imekaza, upepo ukiizungusha kidogo tu mwelekeo unapotea.

Kwenye setingi kila kifaa kipe anwani yake ya mtandao (IP), maana zote zinatoka kiwandani na 192.168.0.254 ukiziwasha pamoja zinagongana. Chaneli chagua mwenyewe, usiache ijichagulie. Na badilisha pasiwedi, za antena na za kamera, shamba lina majirani.

Kuna jambo moja la umeme naomba mlishike. CPE510 inakuja na adapta yake ya volti 24, inapeleka umeme kupitia waya wa mtandao moja kwa moja bila kuuliza kifaa kilichoko mwisho kama kinautaka. Kamera nyingi za PoE na swichi zake ni za volti 48. Kwa macho ni plagi zile zile. Usichanganye, adapta ya antena ibaki ya antena, iandike kwa maka peni kabisa ili hata kijana akija kuchomeka baada ya umeme kurudi asibahatishe.

Na TANESCO wakikata, kamera bila umeme ni pambo. Antena hizi zinakula wati 10 hivi, kwahiyo betri na sola ndogo kila jengo inabeba antena, swichi na kamera zake mbili tatu. Rekoda na ruta nyumbani viwe na betri pia, mwizi hasubiri umeme urudi. Radi nayo, kule kwetu inapiga vizuri tu. Faida ambayo wengi hawaisemi ni kwamba hakuna waya wa mtandao wa shaba unaounganisha jengo na jengo, kwahiyo radi ikileta shoti bandani haina njia ya kutambaa kupitia mtandao mpaka kwenye rekoda nyumbani. Hata hivyo paipu ipewe ethi.

Kwenye mabanda ya kuku adui wako ni amonia na buibui. Ile hewa kali ya kinyesi inakula vichwa vya waya mpaka vinaota ukijani, kwahiyo swichi ifungwe kwenye boksi lenye mpira, na boksi likae nje ya banda chini ya paa. Buibui yeye anapenda taa za usiku kwa sababu zinavuta wadudu, anafuma utando mbele ya lenzi na usiku picha yote inakuwa nyeupe huku simu inalia tahadhari kila dakika. Fagio laini kila wiki.

Faida niliyoipata zaidi wala sio wizi, ni vifaranga. Usiku nafungua simu, nikiwakuta wamelundikana chini ya taa najua wana baridi, wakiwa wamebanana ukutani mbali na taa joto limezidi, nampigia kijana anarekebisha kabla hawajaanza kufa. Ndani ya shamba haya yote hayali bando hata kidogo, bando linaliwa ukiangalia ukiwa mbali tu.

Wafanyakazi waambieni kamera ziko wapi na za nini, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na chumba wanacholala au kubadilishia nguo kamera isisogee kabisa.

Kama majengo yako yako ndani ya mita 80 usinunue hizi, vuta waya wa shaba halisi ndani ya paipu inatosha. Kama unachimba mtaro wa maji hata hivyo, laza faiba humo humo, nayo haipitishi shoti na haijali mwembe. Na kwa wenye shamba la pili mbali lisilo na njia ya kuonana, kamera ya laini ya simu yenye sola ipo, ila iwekeni irekodi kwenye kadi yake na itume pale inapoona mtu tu, maana ikirusha mega 1 mfululizo ni karibu giga 11 kwa siku na hakuna bando la kuibeba hiyo.