Video yako: Mji wa Kale ama studio?

Wasanii wa huku Mombasa huniuliza hili kila mara, video ya wimbo tushuti Mji wa Kale ama tukodi studio? Mimi roho yangu iko Mji wa Kale, wallahi. Jua la saa moja asubuhi likiingia kichochoroni likapiga ile milango ya nakshi, hakuna taa ya kukodi itakupa hiyo rangi. Ila ujipange, maana ikifika saa tano jua liko utosini, macho ya msanii yanakuwa mashimo meusi, bodaboda hazikatiki, na adhana ikiadhiniwa mnazima spika, hiyo ni heshima. Na wenye nyumba waombwe ruhusa kabla.

Studio ni utulivu, warudia mpaka utosheke. Ukitaka ule mwendo wa kuelea, wimbo upigwe kasi mara mbili, kamera ichukue fremu, yaani picha moja moja, 50 kwa sekunde, halafu wazicheza 25 kwa sekunde, mwili unaelea na midomo bado iko sawa na maneno. Lakini ukuta mtupu unataka sura yenye nguvu! MTV, ile runinga ya video za muziki, ikianza Marekani 1 Agosti 1981 video kibao zilikuwa bendi tu mbele ya kamera, na zilibebwa na sura. Wimbo unaosimulia kisa, mimi naupeleka Mji wa Kale.