Besi ya hedifoni hizi haina mpinzani, ila upande wa kulia umepwaya

Nianze na sifa, maana zinastahili. Ni hedifoni za planari, wazi kwa nyuma; chapa siitaji kwa kuwa madai yangu bado yako kwa muuzaji. Ndani hamna koni kama ya spika ya kawaida. Kuna utando mwembamba wenye njia za umeme, umetandazwa mbele ya safu za sumaku, unasukumwa wote kwa mpigo mmoja. Si mambo mapya haya, Yamaha walitoa HP-1 yao mwaka 1976. Utamu wake uko kwenye besi: dabo besi ya taarab inashuka mpaka chini kabisa bila kuvimba, na kwenye ganuni unasikia kila uzi unapoguswa.

Tatizo ni mwimbaji. Akiimba chini yuko katikati ya kichwa. Akipandisha, anavutwa kushoto.

Nikapiga mlio wa mono (uleule masikio yote mawili) unaopanda taratibu kuanzia hezi 20. Mpaka hezi 1,000 hivi umetulia. Kati ya 2,000 na 4,000 unakimbilia kushoto, kisha unarudi. Nikazivaa kinyume: mvuto ukahamia sikio la kulia, basi masikio yangu hayahusiki. Nikahamisha plagi za waya, ya kushoto ikaenda kulia na ya kulia kushoto; kikombe cha sikio kilekile kikazidi kwa sauti. Waya na ampu navyo vikaondoka kwenye lawama. Hata pedi nilizibadilisha upande, kwa sababu pedi isipokaa vizuri inaharibu sauti (wavaa miwani mnalijua hili). Hakuna kilichobadilika.

Kurekebisha balansi hakusaidii. Ukipunguza kushoto, mwimbaji anarudi katikati lakini besi inakwenda kulia. Spika za ndani ya vikombe zinatakiwa zipimwe kiwandani na kuoanishwa mbili mbili, kwani mkazo wa utando ukitofautiana tu, sauti nazo zinatofautiana.

Muuzaji ananiambia eti planari zote ndivyo zilivyo. Thubutu! Za rafiki yangu, za bei ya chini kuliko hizi, mwimbaji hatikisiki.

Ni nzito pia, sumaku hizo, shingo inalalamika.

Kwa msikilizaji wa jioni pengine si neno. Mimi nachanganya sauti za vikundi vya harusi: nikiziamini hizi nitamsogeza mwimbaji kulia ili nimsikie katikati, na ukumbini atatokea spika ya upande mmoja. Zimerudi kwenye boksi. Jozi ya kubadilishia nimeiomba ije na grafu ya vipimo vya sauti ya kila upande.