Cannibal Holocaust: diski inayoruka mauaji ya wanyama
Kwa filamu hii ya mwaka 1980, iliyopigwa katika msitu wa Amazoni nchini Kolombia, mwongozaji Mwitaliano Ruggero Deodato alishukiwa kuwaua waigizaji wake, ambao kumbe walikuwa hai. Waliouawa kweli mbele ya kamera ni wanyama, akiwamo kobe mkubwa wa mtoni, na tumbili wawili, wa pili kwa sababu tu tukio lilirudiwa. Diski ya Grindhouse Releasing, kampuni ya kusambaza filamu, humpa mtazamaji hiari ya kutazama bila mauaji hayo, nami niliichagua bila kusita. Hadithi haikupungukiwa na chochote, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo shtaka zito zaidi dhidi ya mwongozaji. Bodi ya Uingereza ya kuainisha filamu, mwaka 2011, ilikata takriban sekunde 15 tu, na tukio la kobe likaachwa.