Spika ya Wi-Fi inakata muziki? Tazama hii kabla hujairudisha dukani

Karibuni tena, watazamaji wangu. Spika hii mnayoiona mezani ni ya Wi-Fi, nimekaa nayo wiki tatu, na video yake ilitakiwa kutoka zamani. Nimechelewa kwa sababu ilikuwa inakata. Wimbo unaanza vizuri, besi imetulia, sauti ya mwimbaji iko wazi kabisa, halafu kimya. Sekunde nne, tano, ndipo unarudi. Nilishaandika maneno makali ya kuisema. Leo nimeyafuta yote, na nataka mjue kwa nini, maana wengi mnaniandikia mnasumbuliwa na jambo hili hili na mnakimbilia kuongeza kifurushi cha intaneti.

Kifurushi kiacheni kwanza. Muziki uliobanwa kwa ubora wa juu unatumia kilobiti 320 kwa sekunde. Hata ule wa kiwango cha CD, usiobanwa, ni kilobiti 1,411. Haufiki hata megabiti moja na nusu. Kama video kwenye TV inakwenda bila shida na spika ndiyo inakwama, tatizo liko hewani, kati ya ruta na spika.

Kwa hiyo usipime kasi, pima njia. Chukua kompyuta, kaa nayo pale pale spika inapokaa, iwe kwenye Wi-Fi ile ile, kisha piga ping, yaani amri inayotuma ujumbe mdogo na kupima muda wa jibu kurudi, kwenye ruta yenyewe, si kwenye tovuti. Anwani ya ruta mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na kwa kawaida imeandikwa kwenye kibandiko chini yake. Kwenye Windows ongeza -t ili iendelee bila kukoma. Haya, skrini ndiyo hii: milisekunde 3, 4, 3, safi. Sasa naweka kikombe cha maji kwenye maikrowevu, nawasha. Angalieni namba hizo: 4, 180, 412, kisha hakuna jibu kabisa. Maikrowevu ikilia kwamba imemaliza, tunarudi kwenye 3.

Maikrowevu inapasha chakula kwa mawimbi ya takriban megahezi 2,450, na Wi-Fi ya gigahezi 2.4 inatumia kuanzia 2,400 hadi 2,483. Zote zimo kwenye masafa yale yale. Kinachovuja pembeni mwa mlango ni kidogo na hakikudhuru wewe, ila kwa Wi-Fi ni kelele kubwa. Data inapotea, inatumwa upya, tena na tena, huku spika inakula akiba yake ya sekunde chache. Akiba ikiisha, ndicho kile kimya.

Lakini sikuridhika, kwa sababu yangu ilikuwa inakata hata usiku wa manane, hakuna anayepasha kitu. Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta, nikaona iko chaneli ya 6, yaani kipande kimoja cha masafa hayo ya 2.4, pamoja na ruta za majirani karibu zote. Nikaihamishia chaneli ya 1. Hapo chaguo lenu liwe 1, 6 au 11, na upana uwe megahezi 20, kwa sababu hizo tatu haziingiliani. Watu wanaochagua ya 3 au ya 4 wakidhani wamejitenga wanapata kelele za pande zote mbili. Ikapungua, haikuisha.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nisogeze kamera nyuma ya ruta. Mnaiona diski hii? Ndiyo yenye mkusanyiko wangu wote wa muziki, nimeichomeka kwenye tundu la buluu, USB 3.0, na imelala kando kabisa ya antena. Nikaichomoa: saa nzima hakuna wimbo uliokatika. Nikairudisha: dakika ya tatu, kimya. Nilirudia mara nne, mara zote nne ikawa vile vile. Intel walilieleza jambo hili kwenye waraka wao wa mwaka 2012: kelele ya USB 3.0 inaangukia humo humo kwenye gigahezi 2.4, na inatoka kwenye kifaa, kwenye tundu na hata kwenye waya. Mimi nimeweka waya mrefu wenye kinga nzuri, diski ikaenda rafu ya chini. Kama ruta yako ina tundu la USB 2.0, hamishia huko. Nyimbo hazihitaji zaidi ya hapo. Baadhi ya ruta zina hata kipengele cha kushusha USB 3.0 iwe 2.0.

Sasa spika. Sauti yake naipenda kweli, hasa pale katikati, kwenye sauti za watu. Nililonalo moyoni ni moja: haina gigahezi 5. Bendi hiyo haifiki mbali na inachoka haraka kwenye kuta, lakini maikrowevu na Bluetooth haziigusi, na spika inayokaa chumba kimoja na ruta ingefaidika sana nayo. Watengenezaji wameinyima kitu cha muhimu. Wameiwekea tundu la waya wa mtandao, nawashukuru kwa hilo, na kama spika yako haihamihami, tumia waya.

Nimeshauchomeka. Kikombe kiko ndani, maikrowevu inawaka, na wimbo ndio huo mnausikia.