lscpu: kakomandi kadogo kanakowaumbua wauza laptopu

Hapa Mtwara mjini mtu akitaka kununua laptopu used lazima anitafute, hasa korosho zikishalipwa, maana hapo ndo watu wa Tandahimba na Newala wanashuka na hela na wauzaji nao wanajaza meza. Silaha yangu ni flashi ya Ubuntu (mfumo wa Linux, unafanya kazi kama Windows). Naomba kuwasha mashine kwa hiyo flashi, Windows ya muuzaji siigusi (akikataa jua kuna kitu), nafungua terminali (dirisha la kuandika amri) naandika lscpu, inaniorodheshea prosesa (ubongo wa kompyuta) ilivyo, basi, haitaki intaneti wala paswedi.

Majuzi dogo mmoja wa chuo kaonyeshwa mashine ina stika ya i7 (prosesa ya Intel ya daraja la juu kuliko i5) inang'aa kuliko mashine yenyewe, tukawasha, mstari wa Model name (jina la prosesa) ukasema i5-6300U. Muuzaji eti "aah kaka, hizo zote baba mmoja". Baba mmoja wapi, hiyo 6 ya mwanzo ni kizazi cha 6 na Windows 11 rasmi inazipokea hizi Core za Intel kuanzia kizazi cha 8! Bei ikashuka palepale na dogo akaichukua, kwa kuandika ripoti inamtosha kabisa.

Ninachokipendea haijali stika, na jina linaloonekana kwenye Windows nalo linaweza kuchezewa kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), ila lscpu inachota kwenye keneli (kiini cha Linux) ambayo imeiuliza prosesa yenyewe. Angalia tu usichanganye, hiyo i5 inaandika CPU(s) 4 lakini kori (vitengo halisi vya kufanya kazi ndani ya prosesa) ni 2, kila moja ina thredi (njia za kupitishia kazi) 2, kwahiyo soma mstari wa Core(s) per socket.

Kuna wanaotumia uname -m kujua aina ya prosesa, sawa, ila inakupa ya keneli, ukiweka Linux ya biti 32 kwenye prosesa ya biti 64 itakujibu i686 (yaani biti 32) uishie kuidharau mashine nzima. cat /proc/cpuinfo nayo inarudia maelezo yaleyale kwa kila thredi mpaka unachoka kuskrolu. Upande wa Windows wmic cpu get name ilikua tamu sana lakini Microsoft wanaiondoa, sasa hivi ni PowerShell na Get-CimInstance Win32_Processor, kuikariri hiyo nako kazi.

Nyota 4 kati ya 5. Moja naibana kwa sababu kwenye ARM (prosesa za aina nyingine, si kama za Intel) haieleweki vizuri, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 inakuandikia Cortex-A72 tu, yaani jina la muundo wa kori, jina la chipu yenyewe ukatafute kwingine.