Taa inawaka, basi nyamaza

"Boss, taa ya adapta si inawaka?" Nikasema inawaka. "Basi inafanya kazi." Nilipoendelea kulalamika, muuzaji akaniuliza mbona naongea Kiswahili, kwani mimi ni askari? Hapa Uganda wengi hukiona ni lugha ya jeshi. Kiswahili nilifunzwa na nyanya yangu hapa Arua, sikukipata kambini. Lakini tuache hilo. Au tusiache, maana ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Nilinunua kwake Kampala adapta mbili za USB za waya wa mtandao, zile nyepesi kama boksi la kiberiti, shilingi 35,000 kila moja. Raspberry Pi 3, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ina tundu moja tu la waya. Ukitaka iwe ruta, yaani mgawaji wa mtandao, la pili unaliazima kwenye USB. Nilikuwa na Pi mbili, moja ya maabara ya shule, nyingine ya ofisi. Nikarudi na basi la usiku, sikulala, nikazichomeka asubuhi hiyo hiyo.

Ping, yaani kubisha hodi kwenye mtandao, ikajibu vizuri. Nikafurahi mapema.

Halafu nikaendesha iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao. Tundu la Pi lenyewe hunipa megabiti 94 kwa sekunde. Adapta haikuvuka 7. Nikabadili waya, nikabadili chaja, maana Pi ukiinyima umeme hununa. Wapi! Ethtool, amri inayoonyesha kasi ya upande wa waya, inasema 100, taa ya kijani inakonyeza, kumbe ujanja uko upande wa pili, wa USB: dmesg, daftari la matukio ya mfumo, ikaonyesha kifaa kimejiandikisha "full-speed". Jina lisikudanganye, kwa lugha ya USB hiyo ni megabiti 12, mwendo wa USB 1.1 ya miaka ya tisini. Yaani barabara ya lori, mlango wa kuku.

Hilo ningelisamehe. Nilipoweka Pi zote mbili, kila moja na adapta yake, kwenye swichi moja ya mtandao, nikiwasha hii, ile inakufa. Siku nzima nimelaumu swichi, nimelaumu mvua, nimemgombeza hadi kijana anayenisaidia (samahani, mdogo wangu). Jioni nikaziangalia anwani za MAC, namba za utambulisho za adapta: zimefanana mpaka tarakimu ya mwisho! Anwani hiyo ndiyo inayotumiwa na swichi kujua nani yuko tundu gani. Ni kama watu wawili wenye kitambulisho kimoja wamepanga foleni benki moja.

Kwa haki, si takataka. Anwani nilibadilisha kwa amri moja, na kama kazi yako ni kutuma vipimo vya joto vya friji kila baada ya dakika tano, hata megabiti 7 ni nyingi. Nilikuwa nimeamua nyota tatu.

Lakini risiti iko hapa mezani, imepigwa muhuri kwamba mali ikiuzwa hairudishwi, na yule bwana namsikia bado. Nyota moja. Nayo ni ya taa. Kweli inawaka.