Chai ya kutoa sumu ya Mwanjelwa: jamani, msinunue

Tezi dume yangu iko vizuri kabisa. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi niliyopewa kwenye duka moja la dawa lishe pale Mwanjelwa, Mbeya, baada ya kushikishwa kile kichuma kilichounganishwa na kompyuta, wanachodai kinapima mwili mzima. Mimi ni mwanamke, nina watoto. Ningeondoka palepale ingekuwa heri, ila kijana aliyevaa koti jeupe alikuwa na maneno matamu.

Nina kolaitisi, vidonda vya utumbo mpana, na nilipimwa kwa kamera hospitali. Natumia salfasalazini, dawa ya kutuliza huo utumbo, pamoja na foliki asidi, maana salfasalazini inazuia mwili kufyonza foliki vizuri. Damu chooni ilikuwa imekata muda mrefu tu. Kilichonipeleka dukani ni uchovu. Nikamweleza kijana yote hayo, yeye akaandika "vidonda vya tumbo" na kuanza kunihubiria mambo ya asidi. Kaka, sio tumbo la juu, ni utumbo mpana. Akasema yote ni tumbo tu, dada yangu.

Nikatoka na kopo la vidonge na pakiti ya chai ya kutoa sumu. Hiyo chai! Wanaoijua baridi ya Uyole saa tisa usiku, na choo kiko nje uani, watanielewa. Tumbo linasokota, natoa makamasi na damu, nikirudi kitandani hata blanketi halijapata joto naitwa tena. Kulipokucha nikaigeuza pakiti juani. Chini kabisa, kwa vijiherufi kama vya chungu, wameandika "senna". Sanamaki! Ile ile waliyotunywesha bibi zetu tuharishe. Mtu utumbo umechubuka, unampa dawa ya kuharisha?

Nikarudi. Hata kiti sikupewa. "Hizo ndizo sumu zinatoka, dada. Ongeza kikombe." Nikamwambia natoa damu. Akacheka, wallahi alicheka, akamgeukia mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anasubiri zamu ya kushika chuma: "Unaona mama, hawa wa vidonge vya hospitali mwili umeshazoea kemikali." Kisha akaniambia niache salfasalazini ndipo chai yake ifanye kazi. Kuhusu hela yangu, pakiti ikishafunguliwa hairudishwi. Mimi nilikuwa natetemeka, sijui kwa hasira au kwa kuishiwa maji.

Niseme ukweli, vidonge vya lile kopo sina ugomvi navyo. Vina madini chuma, na hospitali walipopima damu walikuta chuma kweli kimeshuka, ndio chanzo cha ule uchovu. Lakini vidonge vya chuma vipo duka lolote la dawa, na bei yake haifiki hata robo ya lile kopo. Choo kikiwa cheusi ukivitumia usishtuke, ni kawaida.

Halafu kuna binti wa kaunta. Huyu alinifuata mpaka kwenye bajaji, akaninong'oneza kuwa mama yake mdogo ana shida kama yangu. Tumbo likichafuka anakula wali laini wa Kyela, viazi vilivyomenywa vikapondwa, ndizi mbivu, mchuzi wa samaki usio na pilipili. Kande, maharage na mboga ngumu anaviweka kando mpaka litulie, kisha anavirudisha kidogo kidogo. Nikafuata, nikapata nafuu, na daktari naye hakupinga, ila alinionya kwamba chakula hakichukui nafasi ya dawa.

Kwa hiyo nilikuwa nimepanga kuwapa nyota mbili. Sasa namkumbuka yule mama aliyekaa pale na kibahasha chake cha hela mkononi, anamsikiliza yule kijana kama anasikiliza daktari. Hapana. Moja. Na hiyo moja ni ya binti, bosi wake asije akadhani ni yake.